Ukuta Unaopitika: Mwongozo wa Kutumia Plastiki kwa Chakula na Maji

Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa haliachi kunuka. Lioshwe kwa sabuni, lisuguliwe kwa mchanga, litiwe majivu, lianikwe juani wiki nzima. Maji yakilala humo usiku mmoja, asubuhi yatanuka mafuta ya taa. Mwenye dumu hudhani hakuliosha vizuri. Kumbe hakuna uoshaji unaoweza kulitakasa, kwa sababu mafuta hayakubaki juu ya plastiki. Yameingia ndani ya unene wake, na kutoka humo yanarudi kidogo kidogo kwenye maji, siku baada ya siku.

Mtu akilielewa hilo, hataangalia vyombo vya nyumbani kwake kwa jicho lilelile. Chupa, ndoo, mfuko wa nailoni, kopo la siagi ya karanga na boksi la chipsi vyote huonekana kama kuta zilizoziba. Maji hayavuji, hewa haionekani ikipita. Lakini molekuli hupita, na hupita kwa njia tatu: kutoka kwenye chakula kuingia kwenye plastiki, kutoka kwenye plastiki kuingia kwenye chakula, na kutoka nje kuvuka plastiki hadi ndani. Mara nyingi kiasi kinachopita ni kidogo mno na hakina madhara yanayojulikana. Wakati mwingine si kidogo. Mwongozo huu unaeleza kinacholeta tofauti hiyo, na nini cha kufanya wakati wa kununua chombo, kupika, kuhifadhi na kufungasha bidhaa ya kuuza.

Kinachotokea ndani ya ukuta

Mnamo 1831 daktari wa Philadelphia, John Kearsley Mitchell, aliandika habari ya maputo ya mpira aliyoyajaza haidrojeni. Yalipanda hadi darini, yakakaa huko kwa muda, kisha yakashuka yenyewe bila kutobolewa. Gesi ilikuwa imepita kwenye mpira wenyewe. Mitchell alijaribu gesi nyingine na kukuta kila moja ina mwendo wake, huku kabonidioksidi ikiwa miongoni mwa zinazowahi kupita.

Mwaka 1855 Mjerumani Adolf Fick alitoa kanuni ya hisabati ya safari kama hizo: kitu husambaa kutoka kilipo kingi kwenda kilipo kichache, na tofauti ikiwa kubwa, kasi nayo huwa kubwa. Mwaka 1866 Mskochi Thomas Graham akafafanua hatua zenyewe. Kwanza gesi huyeyuka kwenye uso mmoja wa utando, kisha husafiri ndani yake, mwishowe hutokea upande wa pili. Maelezo hayo ya Graham bado ndiyo msingi wa hesabu zinazofanywa leo na watengenezaji wa vifungashio.

Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Kati ya minyororo kuna nafasi ndogondogo, na kwa kuwa minyororo hutikisika muda wote, nafasi hizo hufunguka hapa na kufumba pale. Ni kama Kariakoo mkesha wa Idi: mtoto hupenya kila watu wanapojongea, mchukuzi mwenye gunia kichwani hukwama. Molekuli ndogo kama za oksijeni au za petroli hupita upesi. Kubwa huchukua miezi au miaka.

Kila plastiki ina kiwango chake cha joto ambapo minyororo hulegea. Polithini, ile ya mifuko na madumu, hulegea kwenye baridi kali inayokaribia nyuzi 100 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo katika joto la kawaida la Mombasa au Mbeya imeshalegea siku nyingi. PET, plastiki angavu ya chupa za maji na soda, hubaki imekakamaa hadi nyuzi 70 au zaidi kidogo. Ndiyo maana soda huuzwa kwenye PET: ikitiwa kwenye chupa ya polithini, gesi yake ingetoroka mapema na kinywaji kingechacha dukani.

Jambo jingine ni kwamba plastiki haitengenezwi kwa minyororo mitupu. Huongezewa dawa za kuizuia isiharibike kwa joto na jua, rangi, vilainishi vya kuifanya inyumbulike, na hubakiwa na masalia ya kemikali iliyotumika kuiunda. Viambata hivyo vingi havijafungwa kwenye minyororo. Vimekaa katikati yake tu, na vikipata nafasi huondoka.

Mambo yanayoamua kasi

La kwanza ni joto. Joto linapopanda, minyororo hutikisika zaidi na njia hufunguka mara nyingi zaidi. Kwa makadirio yanayotumika Ulaya katika kupima vifungashio, joto likitoka nyuzi 30 hadi 40, kasi huongezeka karibu mara tatu. Likifika 60, kasi imeongezeka takriban mara 17.

Mfano mzuri ni wa antimoni. Metali hiyo hutumika kama kichocheo katika kutengeneza PET, na masalia yake hubaki kwenye chupa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakiongozwa na Paul Westerhoff walichapisha vipimo vya maji ya chupa yanayouzwa kusini-magharibi mwa Marekani, eneo lenye joto kali. Katika joto la chumba antimoni ilikuwa chini sana ya kikomo cha nchi hiyo, ambacho ni mikrogramu 6 kwa lita. Lakini kwa hesabu yao, kwenye nyuzi 60 kikomo hicho kingevukwa baada ya siku 176; kwenye nyuzi 70, siku 12; kwenye nyuzi 80, siku 2.3, na kwenye nyuzi 85, siku 1.3. Chupa ni zilezile, kilichobadilika ni joto tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni kikubwa zaidi, mikrogramu 20 kwa lita, ila mwelekeo ni uleule.

La pili ni mafuta. Viambata vingi vya plastiki havipendi maji lakini huyeyuka kwenye mafuta kwa urahisi. Kipande cha jibini au nyama ya kukaanga huvuta vilainishi vingi zaidi kutoka kwenye plastiki laini ya PVC kuliko tango linavyoweza. Sheria ya Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 10 ya mwaka 2011, imezingatia hilo: plastiki hupimwa kwa vimiminika vinavyowakilisha aina za vyakula, vikiwemo pombe ya asilimia 10 kwa vyakula vya majimaji, asidi ya siki ya asilimia 3 kwa vyakula vichachu, na mafuta ya mimea kwa vyakula vya mafuta. Jumla ya vyote vinavyohama haitakiwi kuzidi miligramu 10 kwa kila desimita ya mraba ya plastiki. Plastiki ya kuhifadhia chakula kwa muda mrefu hulowekwa kwenye vimiminika hivyo siku 10 kwenye nyuzi 60, ili kuigiza miezi mingi ya rafuni.

La tatu ni muda, nao huenda pamoja na unene. Kitu kinachovuka ukuta wa plastiki kutoka nje huchelewa kwa kadiri ya mraba wa unene: ukuta ukiwa mnene mara mbili, huchukua mara nne ya muda kutokea upande wa pili. Ndoo nene na mfuko mwembamba vinaweza kuwa vya polithini ileile, lakini haviwezi kulinganishwa katika kulinda kilichomo.

La nne ni ukubwa wa pakiti, jambo ambalo wengi hulisahau. Mchemraba wenye ujazo wa lita moja una eneo la desimita za mraba 6. Mchemraba wa mililita 125 una eneo la 1.5, ambalo ukilipiga hesabu kwa lita linakuwa desimita za mraba 12, yaani mara mbili. Chakula kwenye pakiti ndogo kimegusana na plastiki nyingi zaidi kwa kila kijiko. Ndiyo sababu soda ya chupa ndogo huisha gesi mapema kuliko ya chupa kubwa.

La mwisho ni aina ya plastiki yenyewe. Polithini huzuia mvuke wa maji vizuri sana, na hufaa kwa chumvi, sukari na unga, ila oksijeni na harufu huipita kwa urahisi. Anayepita kwenye maduka ya viungo ya Darajani, Unguja, hunusa karafuu na iliki zilizokwisha kufungwa kwenye mifuko. Hiyo ndiyo mali ikimtoka muuzaji kupitia nailoni. Karatasi ya alumini, hata nyembamba, huzuia karibu kila kitu ilimradi haijatoboka, na ndiyo maana pakiti za maziwa yanayokaa muda mrefu nje ya friji huwa na tabaka lake katikati ya plastiki na karatasi.

Yaliyowapata wengine

Novemba 2005 mamlaka za Italia zilikamata takriban lita milioni 30 za maziwa ya watoto ya kampuni ya Nestlé. Ndani yake kulikutwa ITX, kemikali ya kukausha wino. Wino ulikuwa umechapwa nje ya pakiti. Ulifikaje ndani? Karatasi ya pakiti huviringishwa kwenye mabunda makubwa kabla ya kukatwa, na kwenye bunda upande wa nje uliochapwa hugusana na upande wa ndani utakaopokea maziwa. ITX ilihama huko, kabla pakiti hazijaundwa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza Desemba mwaka huohuo kwamba kiasi kilichokutwa hakikuwa tishio kwa afya, lakini viwanda vilijifunza kuwa wino wa nje nao ni sehemu ya chakula.

Mwaka 2010 kampuni ya Kellogg iliondoa sokoni Marekani maboksi yapatayo milioni 28 ya nafaka za kifungua kinywa. Wanunuzi walikuwa wamelalamikia harufu na ladha ya ajabu, na wachache walipata kichefuchefu. Chanzo kilikuwa mfuko wa ndani wa boksi, uliokuwa na viwango vya juu vya kemikali za jamii ya petroli.

Mfano unaowagusa zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki unatoka Zurich. Mkemia Konrad Grob wa maabara ya chakula ya jimbo hilo alionyesha kwamba vyakula vikavu kama mchele na tambi vilikuwa vikipata mafuta ya petroli kutoka kwenye maboksi ya kadibodi iliyorejelezwa. Kadibodi hiyo ilitengenezwa kwa magazeti ya zamani, na wino wa magazeti huwa na mafuta ya madini. Mafuta hayo yaligeuka mvuke ndani ya boksi, yakavuka mfuko wa polithini, yakatua kwenye chakula ambacho hakikuwahi kuigusa kadibodi. Mwaka 2011 kampuni ya Jordans ya Uingereza iliacha kutumia kadibodi iliyorejelezwa kwa sababu hiyo.

Ikiwa mvuke wa wino wa zamani hufika kwenye mchele mkavu ukivuka plastiki, andazi la moto lililotoka kwenye karai na kufungwa moja kwa moja kwenye gazeti lina hali mbaya zaidi: joto lipo, mafuta yapo, wala hakuna ukuta wowote kati. Mamlaka ya viwango vya chakula ya India, nchi yenye desturi hiyohiyo, ilitoa tahadhari dhidi ya magazeti mnamo Desemba 2016. Muuza mandazi, sambusa au bagia anaweza kutumia karatasi nyeupe isiyochapwa, kipande cha jani la mgomba, au sahani ya mteja mwenyewe.

Kusoma chombo kabla ya kununua

Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye namba. Mfumo huo ulianzishwa Marekani mwaka 1988 kuwasaidia wanaochambua taka, kwa hiyo hutaja aina ya plastiki na hausemi kama chombo ni salama kwa chakula. Hata hivyo namba ina manufaa kwa anayejua tabia za kila aina.

Namba 1 ni PET. Hufaa kwa maji, soda, asali na mafuta ya kula, ila si kwa vitu vya moto. Namba 2 ni polithini ngumu, ya madumu na ndoo; hufaa kwa maji na vyakula vikavu, lakini hunywa mafuta ya taa, petroli na harufu kali. Namba 3 ni PVC. Ikiwa laini, haifai kugusana na vyakula vya mafuta. Namba 4 ni polithini laini ya mifuko.

Namba 5 ni polipropilini. Huvumilia joto kuliko nyingine za jikoni, nayo hutumika kwa hotpoti, chupa nyingi za kunyonyeshea na makopo yenye vifuniko. Namba 6 ni polistaireni, ngumu ya vikombe au ile nyeupe yenye povu ya maboksi ya chakula. Namba 7 hukusanya zilizobaki, ikiwemo polikaboneti, plastiki ngumu na angavu ya baadhi ya mitungi ya maji ya lita 20.

Namba 6 na 7 zinahitaji maelezo zaidi. Chukua ganda la chungwa, ulikamue juu ya boksi la polistaireni: matone ya mafuta ya ganda yatachimba vishimo palepale, kwa kuwa mafuta hayo huiyeyusha plastiki hiyo. Chakula cha moto chenye mafuta au ndimu hakistahili kukaa humo. Staireni, kemikali inayoiunda, iliwekwa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Polikaboneti kwa upande wake hutengenezwa kwa bisfeno A, na huitoa zaidi inapokutana na maji ya moto. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na Marekani ikaondoa ruhusa ya kuitumia humo mwaka 2012. Aprili 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mara 20,000 chini ya kile cha awali, na Desemba 2024 Kamisheni ya Ulaya ikapitisha marufuku ya bisfeno A kwenye vifaa vya chakula kwa ujumla.

Zaidi ya namba, mnunuzi atafute alama ya glasi na uma, inayoonyesha kuwa chombo kilikusudiwa kwa chakula, pamoja na nembo ya ubora ya TBS, KEBS au shirika la viwango la nchi yake. Ndoo nyeusi na beseni za rangi mchanganyiko zisizo na alama yoyote mara nyingi hutokana na plastiki chakavu ambayo hakuna anayejua ilibeba nini. Zifae kwa kufulia na kuchanganyia udongo.

Jikoni

Kwa kuwa joto na mafuta ndiyo yanayoongeza uhamaji kuliko mengine, kanuni ya jikoni ni kutoyakutanisha mawili hayo na plastiki kwa wakati mmoja.

Wali au ndizi zikifunikwa kwa mfuko wa nailoni ndani ya sufuria ili ziive kwa mvuke, mfuko huo hukaa kwenye joto linalokaribia nyuzi 100 kwa muda mrefu. Ni karibu na kiwango cha kuyeyuka kwa polithini yenyewe. Jani la mgomba lilifanya kazi hiyo kabla ya nailoni, na bado linaifanya. Pasipo na jani, mfuniko mzito wa sufuria wenye sahani juu yake unatosha.

Supu, chai ya maziwa na uji wa moto visimiminwe kwenye mfuko au kwenye chupa ya soda iliyotumika. Anayeona chupa ya PET inajikunja baada ya kutiwa chai ameshaonyeshwa kwa macho kwamba plastiki imelegea. Anayenunua supu mbali na nyumbani aende na chupa ya chai au bakuli la chuma cha pua. Mama lishe anayewafungia wateja anaweza kuwapa punguzo dogo wanaokuja na vyombo vyao. Mifuko nayo ni gharama.

Chakula kikilazimika kuingia kwenye plastiki, kiachwe kipoe kwanza. Kwa viambata vingi, kutoka nyuzi 60 hadi 30 kasi hushuka mara 17 au karibu na hapo. Kupasha chakula kwenye maikrowevu kufanyike kwenye bakuli la kioo au la kauri.

Achari ya embe, yenye siki, chumvi na mafuta, ikae kwenye chupa ya glasi. Vivyo hivyo samli na mafuta ya nazi yatakayokaa miezi. Mchuzi wenye bizari ya manjano utaacha rangi kwenye kopo la polipropilini, na rangi hiyo haitoki kwa dodoki kwa kuwa imeingia ndani ya plastiki, kama mafuta ya taa kwenye dumu. Bizari yenyewe haina neno, ila kopo lililopauka, lililokwaruzika na kushika harufu limefikia mwisho wa kazi yake ya kuwekea chakula.

Kwa mtoto mchanga tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu mwili wake ni mdogo na mlo wake ni wa aina moja. Maziwa ya kopo yachanganywe kwenye chombo cha glasi au cha chuma cha pua kwa maji yaliyochemka yakiwa bado ya moto, ili vijidudu vife, yaachwe yapoe, ndipo yamiminwe kwenye chupa ya kunyonyeshea.

Maji ya kunywa na jua

Katoni za maji ya chupa zinazopangwa nje ya duka, juani, miezi nenda rudi, zinapata joto lisilohitajika. Gari lililofungwa vioo katika jua la mchana linaweza kufikia nyuzi 60 ndani. Mnunuzi achague duka linaloweka maji kivulini, na chupa iliyosahaulika garini wiki kadhaa itumike kunawia.

Lakini hofu isimzuie mtu kuua vijidudu. Njia iitwayo SODIS, iliyoendelezwa na taasisi ya Eawag ya Uswisi, hutumia chupa angavu za PET: maji yasiyo na tope huwekwa juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili mfululizo mawingu yakitanda, na mionzi ya jua huua vijidudu vya kuhara. Katika saa hizo chache, kwenye joto ambalo kwa kawaida halifiki nyuzi 60, antimoni inayohama ni kidogo sana. Takwimu za Arizona zilihitaji siku 176 kwenye nyuzi 60. Kipindupindu huua kwa siku moja. Penye maji yasiyo salama na pasipo na kuni za kuchemshia, chupa juani ni chaguo sahihi.

Madumu, mapipa na chupa za dawa za shamba

Historia ya chombo ni muhimu kuliko usafi wake wa leo. Dumu la njano lililoleta mafuta ya kula linaweza kubeba maji baada ya kuoshwa vizuri. Mabaki yaliyoingia ukutani ni ya chakula, na kero kubwa itakuwa harufu ya mafuta yaliyochacha. Dumu la petroli, dizeli, mafuta ya taa, rangi au dawa ya mifugo lisibebe maji ya kunywa kamwe. Petroli hupenya polithini kiasi kwamba matangi ya plastiki ya magari hutengenezwa kwa matabaka kadhaa, moja likiwa la plastiki maalumu ya kuizuia.

Mapipa ya bluu ya lita 200 yanauzwa mijini kwa bei ya kuvutia. Muuzaji akishindwa kueleza yalibeba nini, au lebo imekwanguliwa, anayetafuta chombo cha maji au cha kutengenezea togwa atafute kwingine.

Chupa za viuatilifu ndizo hatari kuliko zote. Dawa nyingi huyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya petroli, ambavyo huingia ukutani vikiwa vimeibeba. Kuisuuza chupa mara tatu na kumwaga maji hayo kwenye bomba la kunyunyizia ni sahihi, maana hupunguza mabaki kabla ya chupa kutupwa. Hakuifanyi chupa iwe ya maziwa. Itobolewe baada ya kusuuzwa ili asitokee mtu wa kuiokota na kuitumia.

Wakati mwingine ukuta unaopitika polepole humfaa mkulima. Mifuko ya PICS, iliyobuniwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake nchini Kamerun miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, ina mifuko miwili minene ya polithini ndani ya kiroba. Oksijeni hupita polithini, ila kwa unene huo hupita taratibu kuliko dumuzi na wadudu wengine wanavyoivuta. Hewa ikiwaishia huacha kula, na mahindi husalimika bila dawa. Sharti nafaka ikauke vizuri kwanza, kila mfuko ufungwe peke yake, na tundu lolote lizibwe kwa gundi ya utepe.

Kwa anayefungasha ili kuuza

Mjasiriamali mwenye viungo, asali au siagi ya karanga aanze na bidhaa yake: ina mafuta, ni chachu, ni kavu, au ina harufu ya kulindwa? Siagi ya karanga ina mafuta na huharibiwa na oksijeni, hivyo PET nene au glasi humfaa. Karafuu, iliki na mdalasini huhitaji mfuko wenye tabaka la alumini. Mafuta ya karafuu yawekwe kwenye glasi ya rangi nyeusi tu, kwa sababu yana nguvu ya kuingia kwenye plastiki nyingi na kuzivimbisha.

Kisha amuulize msambazaji, na ajibiwe kwa maandishi: vifungashio ni vya plastiki gani na vina matabaka mangapi, vimethibitishwa kwa chakula cha aina gani na kwa joto gani, na wino na gundi vimewekwa upande upi. Vifungashio vilivyochapwa visihifadhiwe kwa kubebanishwa uso kwa uso mahali pa joto, kwa sababu iliyoonekana kwenye maziwa ya Italia.

Jaribio la harufu halihitaji maabara. Viwandani wapimaji hufungia chokoleti pamoja na kipande cha kifungashio, kwa kuwa mafuta ya chokoleti hunasa harufu upesi, kisha huwapa watu waonje bila kuwaambia ipi ni ipi. Nyumbani samli isiyo na ladha kali hufanya kazi hiyo. Vijiko viwili viwekwe kwenye chupa mbili za glasi, moja ikiwa na vipande vya kifungashio, zifungwe na kuachwa mahali pa joto siku mbili. Watu watatu waonje. Wakitambua tofauti, kifungashio hicho kirudishwe kwa aliyekiuza. Wasipoitambua, harufu imevuka mtihani, lakini yasiyonuka hupimwa kwa mashine, na hapo sampuli ipelekwe maabara, kwa kuanzia ile ya shirika la viwango.

Tarehe ya mwisho wa matumizi nayo ipimwe kwenye kifungashio kilekile kitakachouzwa. Aliyethibitisha kwamba bidhaa yake hudumu miezi sita kwenye kopo la kilo moja, akaamua kuanza kuuza vipakiti vya gramu 50 vya nailoni nyembamba, arudie kipimo upya kabla ya kuchapa lebo. Eneo la plastiki kwa kila gramu limeongezeka, ukuta umepungua unene, na miezi ile sita haijulikani tena kama inafika mitatu.